Mama Yake Ni wa Kijiji Gani?

Wenzangu mliobaki ofisini mmenipigia simu mara tatu tangu nistaafu. Mnauliza ufunguo wa kabati la nyuma uko wapi, na muhuri wa "Hajulikani" uko wapi. Ufunguo uko palepale ulipokuwa siku zote, juu ya fremu ya mlango, ndani ya kopo la sardini. Habari ya muhuri ni ndefu. Kwa kuwa mstaafu hana foleni inayomngoja, nitawaandikia yote, nanyi msome pole pole. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi. Mshahara nao tuuache ulale.

Niliingia katika ofisi yetu ya nyaraka, hapa Kisangani, nikiwa na suruali moja ya maana na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipa kazi. Mkuu wa chumba cha nyaraka alikuwa Papa Lotika, mtu wa Isangi, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi uleule tuliokuwa tukishonea mafaili. Nilitegemea anionyeshe vitabu vya vizazi na vifo. Alinionyesha miguu ya rafu. Kila mguu ulisimama ndani ya kopo la maji ili mchwa wasipande.

"Maji ikikauka, kazi yako imekwisha," aliniambia. "Batu balizaliwa, balioa, balikufa, bote beko juu ya hii bikopo."

Wiki nzima nilijaza makopo. Nyumbani nilimwambia mama yangu kwamba ninasoma nyaraka za zamani, na nadhani alishangaa kwa nini karani anarudi na viatu vilivyolowa.

Baada ya hapo nilikabidhiwa vifaa: sindano ndefu ya kushonea mafaili, ngazi ya mbao yenye kidato kimoja kilichovunjika, na mihuri sita. Kitambaa cha wino kilikuwa kikikauka kila mara, na wino ulikuwa haupatikani. Papa Lotika alikuwa akikidondoshea matone mawili ya lotoko, ile pombe kali ya mahindi, nacho kinaamka. Ndiyo maana vyeti vingi vya miaka ile, ukivinusa, vina harufu ya arusi.

Lakini kitu alichonifundisha hasa ni namna ya kumtafuta mtu. Mtu akija kutafuta karatasi ya babu yake, makarani wengine walianza na jina. Papa Lotika alianza na mama wa huyo anayetafutwa. "Mama yake ni wa village gani?" Kwanza hilo, kisha mengine.

"Jina mutu anaweza kubadilisha," alikuwa akisema. "Hata baba banaweza kubadilisha. Village ya mama yake, hapana."

Aliyatoa hayo kwenye lokole, lile gogo lililochongwa tundu refu ambalo watu wa mtoni, kuanzia Yanonge hadi Isangi, walilipiga kupelekeana habari kabla ya simu. Kila mtu wa kule ana jina lake la lokole, na ni refu: kwanza maneno yake mwenyewe, kisha maneno ya baba yake, mwisho kijiji cha mama yake. Mpigaji hawezi kuliacha katikati. Bila kijiji cha mama, jina linabaki wazi, na msikilizaji wa kijiji cha pili hajui ni nani amekufa.

Niliiona kanuni hiyo ikifanya kazi mwezi wangu wa pili. Alikuja mvuvi mmoja wa kule kwenye maporomoko, amekasirika, kwa sababu vitabu vyetu vilisema amekufa. Karani wetu alimwonyesha mstari: jina lake, jina la baba yake, yote sawa. "Basi mimi ni nani?" mvuvi aliuliza, akijipiga kifua. Papa Lotika alimwuliza kijiji cha mama yake, akafungua kitabu kingine, na ndani ya dakika kumi ikaonekana kwamba waliokuwa na jina hilo ni wawili. Mvuvi alitoka akiwa hai kisheria, na kesho yake alituletea samaki mkubwa ambaye, kwa kukosa kisu, tulimkata kwa mkasi wa karatasi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye siku ambayo kwa miaka mingi sikuiona kuwa na maana yoyote. Ilikuwa mwezi wangu wa kwanza, mvuvi hajaja bado. Papa Lotika alikwenda Isangi kwenye matanga ya shemeji yake. Aliniachia rundo la barua kutoka ng'ambo, za watu waliokuwa wakiulizia watu. "Fanya yenye utaweza," alisema. Mimi nilitaka arudi akute meza nyeupe. Nilianza asubuhi, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimemaliza rundo lote. Jina likionekana kitabuni, nilijibu. Lisipoonekana, nilipiga muhuri wa "Hajulikani", nikatia sahihi, nikairudisha barua ilikotoka. Niliupenda sana muhuri ule. Ulikuwa na mpini wa mti mweusi, na ulipotua mezani ulitoa mlio wa kazi iliyokwisha.

Papa Lotika aliporudi aliitazama meza nyeupe. "Bote umebauliza mama zao?" aliniuliza. Nilidhani ananitania, nikacheka.

Miaka ikapita, na mnaijua ilivyokuwa. Vita vilikuja na kuondoka. Kuna mwaka tulirudi ofisini tukakuta nusu ya vitabu vya mtaa mmoja vimechanwa, na wiki hiyohiyo nilinunua karanga sokoni zimefungwa kwa cheti cha ndoa. Nilimtafuta muuza karanga yule, nikamnunulia karanga zake zote. Tulikula karanga ofisini mwezi mzima, na ndoa kumi na moja ziliokolewa. Papa Lotika alifariki kabla ya hapo, nyumbani kwake, akiwa mzee. Aliniachia sindano yake. Hadi leo ninaikumbuka sauti yake kila ninapoona kopo lenye maji, na ninasema wazi kwamba nilimpenda kama baba.

Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu alipoingia Mama Regina.

Alikuwa mwanamke wa miaka karibu themanini, mweupe kuliko sisi, mrefu, mwenye mikono iliyonuka samaki wa moshi. Aliishi Lubunga, ng'ambo ya mto, na alikuwa amevuka kwa mtumbwi na kitambulisho chake kimefungwa kwenye ncha ya kitenge.

"Mi natafuta papa yangu," alisema.

"Mama, papa yako iko na miaka ngapi?"

"Kama angekuwa muzima, angepita mia. Mi siko mujinga, papa. Natafuta kifo yake."

Alinifungulia hadithi yake. Baba yake, Thomas Ward, alikuwa Mwingereza, fundi wa boila, mtu wa kuziba na kuunga matangi ya mvuke ya meli za mtoni. Hakuwa bosi. Kaptula yake ilikuwa na matundu ya cheche, na alikula sahani moja na mafundi wenzake. Aliishi na mama yake Regina, aliyeitwa Bolaka, mwanamke wa Yanonge. Mtoto akiwa bado anatambaa, mkataba wa fundi uliisha. Alisema anakwenda Kanada, kule viwanda vya meli vinatafuta watu, na kwamba atawaita. Baada ya hapo ikaja vita kubwa ya Wazungu, na kimya.

Kwenye cheti cha Mama Regina, mstari wa baba ulikuwa mtupu. Shuleni walimwita mtoto wa mstari. Lakini hilo, alisema, alikwisha kulizoea.

"Yenye inaniuma ni ingine. Sijalia matanga yake. Nitalia namna gani kama sijui alikufa? Na mi nikikufa, lokole itaita jina yangu, itafika kwa papa. Batu batasikia mutu mwenye alinikana, ao mutu mwenye alinitafuta? Hiyo tu. Uniangalilie hiyo, kiisha nitalala."

Nilianza kama nilivyozoea, na baada ya siku tatu juu ya ngazi nilimpata katika orodha ya zamani ya mafundi wa meli: Thomas Ward, fundi wa boila, Mwingereza, ameondoka kwenda Kanada. Nilishuka nikasahau kidato kilichovunjika, na goti langu linakikumbuka hadi leo. Nikaiandikia nyumba moja ya nyaraka huko Montreal, mji wa bandari ya meli, kwa kompyuta ya duka la intaneti, herufi moja moja. Aliyenijibu alikuwa mwanamke, Madame Colette, mhifadhi wa nyaraka kama mimi. Tuliandikiana kwa Kifaransa. Alikuwa mkavu na mwepesi wa kazi, nikampenda papo hapo.

Miezi minne alitafuta. Kisha akaandika kwamba amepata akina Thomas Ward wawili. Wote mafundi wa boila wa bandarini, wote Waingereza, wote wameingia Kanada karibu wakati mmoja na wamepishana umri kwa miezi. Mmoja alioa, akazaa watoto watano. Mwingine hakuoa. Fomu za kuingia nchini ziliwauliza jamaa waliyemwacha kwao, na kila mmoja alitaja mama yake na mji wake. Madame Colette akamaliza hivi: "Kwa hiyo ninahitaji kujua, mama yake huyu wa kwenu alikuwa wa wapi?"

Niliisoma sentensi ile mara nyingi. Kwa zaidi ya miaka thelathini sikumwandikisha mtu bila kumwuliza kijiji cha mama yake. Nimewauliza wavuvi, wachungaji, maaskari wa kambi ya Kapalata, hata mlevi mmoja aliyeingia kukwepa mvua. Huyu mmoja sikumwuliza, kwa sababu alikuwa Mzungu, na mimi, mtu mzima na sindano yangu, nilikuwa ninaamini moyoni kwamba Mzungu hana kijiji cha mama. Ana nchi tu.

Nilivuka hadi Lubunga kesho yake. Mama Regina alikuwa uani, anageuza samaki juu ya moshi.

"Mama, mama ya papa yako ilikuwa wa village gani?"

Alinitazama. "Miezi yote hii unatafuta papa yangu, na haukuuliza hiyo?"

"Sikuuliza."

"Batu ba Yanonge balimuuliza siku ya kwanza! Bangemupa jina ya lokole namna gani?"

Akachukua vijiti viwili, akavuta kinu cha mti, akalipiga jina lile kama mama yake alivyomfundisha, kisha akanitafsiria. Mgongo mgumu unaopiga chuma hadi chuma kinyamaze. Mtoto wa yule anayelala chini ya ardhi mchana. Mama yake ni wa kijiji cha mawe meusi yanayowaka, pale mto unaporudi nyuma kila siku.

Nilikuwa nimeinamia daftari. Nilipofika hapo nilicheka. Mimi nimezaliwa kandokando ya mto huu. Nimeuona ukijaa, nimeuona ukishuka hadi mawe yakaonekana, lakini mto ukirudi ulikotoka sijauona.

"Andika vile iko," aliniambia. "Weye ni karani. Mito si kazi yako."

Niliandika vile ilivyokuwa. Jibu la Madame Colette lilikuja baada ya siku nne, na kwa mara ya kwanza aliweka alama ya mshangao. Kule karibu na bahari, alieleza, maji ya bahari yakijaa huusukuma mto urudi juu, kisha huuachia, kila siku ya Mungu. Mama yake Thomas Ward mwenye watoto watano alikuwa wa mji wa ng'ombe, bara kabisa. Mama yake yule asiyeoa alikuwa wa mji wa machimbo ya makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, kwenye mdomo wa mto. Mume wake alikuwa mchimbaji.

"Ule mwenye batoto tano," Mama Regina alisema, "tumuache na batoto bake."

Kuanzia hapo tulimfuata baba yake mwaka kwa mwaka. Montreal ilikuwa na vitabu vya wakazi, na Madame Colette alinitumia kurasa zake. Nami kila Alhamisi nilivuka na karatasi mpya. Ward, fundi wa boila, chumba cha kupanga, mtaa wa bandarini. Mwaka mwingine, mtaa wa pili yake. Mwaka mwingine, amerudi uleule wa kwanza.

"Anahamahama sawa mupangaji wa mutaa ya Mangobo," Mama Regina alinung'unika, lakini alinitaka nisome tena. Alipenda kujua kama madirisha yalitazama mto. Tulipata jina lake katika orodha ya mafundi waliogoma, na katika daftari la kiwanda, ameungua mkono wa kushoto. Siku ile Mama Regina aliushika mkono wake mwenyewe wa kushoto. Ninakiri zilikuwa Alhamisi tamu kuliko zote katika kazi yangu. Kwa mwaka mzima mwanamke mzee alikuwa anakua mbele yangu, ana baba.

Kisha likaja faili la mwisho. Thomas Ward alikufa akiwa mzee, katika nyumba ya kulelea wafanyakazi wazee ambayo sasa imefungwa, na karatasi zake zilibaki kwa akina Madame Colette. Alinitumia picha za kurasa tatu. Ya kwanza ilikuwa taarifa ya kifo. Ya pili ilikuwa nakala ya barua ya nyumba ile kwa ofisi ya Kisangani. Ya tatu ilikuwa barua yenyewe, iliyorudishwa, na juu yake, kwa wino uliofifia, muhuri wa "Hajulikani". Chini ya muhuri kulikuwa na sahihi yangu.

Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Sikuvuka Alhamisi ile. Nilimwambia mke wangu nina malaria. Nilijua sasa ilivyokuwa. Barua ilimtaja Mademoiselle Regina Ward wa Yanonge. Nami, asubuhi ile ya meza nyeupe, nilifungua kitabu cha wageni, kwa sababu niliona ni lazima binti wa Mzungu awe Mzungu. Mzungu wa jina hilo hakuwepo Yanonge. Tap, muhuri ukatua. Ningeweza kujitetea kwamba miaka ile majina ya Kikristo yalikuwa yamefutwa kwenye vitabu vyetu kwa amri ya serikali. Lakini barua ilikuwa na aya ya pili, na mimi sikuifikia.

Nilivuka Jumamosi. Nilimweleza Mama Regina yote, nimesimama, maana sikuona haki ya kukaa. Sikuficha sahihi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kwenye moshi, akawageuza samaki wote, mmoja mmoja, na walikuwa wengi.

"Ulikuwa na miaka ngapi?" aliniuliza akiwa amenipa mgongo.

"Ishirini na tatu, mama."

"Mi nilikuwa arobaini na kitu. Nilikuwa na nguvu ya kulia."

Nililia mimi, mzee mzima, uani kwa watu.

Alikaa kwenye kiti chake, akafunga kitenge vizuri kama mtu anayepokea wageni. "Bon. Soma," alisema. "Iko leo njo barua inafika. Soma na ile ya chini yenye haukusomaka."

Nilisoma. Aya ya kwanza ilisema marehemu ameomba binti yake apewe habari ya kifo chake. Aya ya pili niliisoma pole pole, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili: "Mama wa binti huyu anaitwa Bolaka, wa Yanonge. Sisi hatukuona haja ya kuandika hili, lakini marehemu alituomba mara kadhaa, akisema huko watu hutafutwa kwa kijiji cha mama, na kwamba bila hilo hamtampata."

Mama Regina alinitaka nirudie maneno ya mwisho. Nilirudia. Kisha akapiga ukelele, ule wa msiba, na majirani wakaja wakikimbia, wakidhani kuna mtu amekufa sasa hivi. Aliwaambia ndiyo, papa yake.

Matanga yalifanyika Yanonge, na lokole ilipigwa na mzee mmoja kati ya wachache wanaoiweza bado. Mama Regina alinisimamisha karibu na mpigaji nimtajie jina, sehemu kwa sehemu, hadi kwenye mto unaorudi nyuma, na nisiruke kitu. Mwaka uliofuata alilala, kama alivyosema. Lokole iliita jina lake, ikapita kwa baba yake bila kusita, ikafunga na Yanonge.

Siku yangu ya mwisho ofisini nilifungua daftari la barua zinazotoka la mwaka ule wa kwanza. Mstari wangu upo, mtauona mkipanda ngazi, rafu ya tatu. Pembeni yake niliandika, kwa mwandiko ambao sasa unatetemeka: "Imefika kwa mwenyewe." Nikatia sahihi.

Kwa hiyo msiutafute tena muhuri kwenye makabati. Mtu asipoonekana kitabuni, andikeni kwa mkono, mstari mzima, mlimtafuta wapi na mlimwuliza nani kijiji cha mama yake. Itawachelewesha. Muhuri niliondoka nao, na siku ileile nikivuka mto niliutupa katikati, pale maji yanapokwenda kasi. Mto wetu haurudi nyuma.